Newton hakuwa mhandisi: ni nani hasa wa Idara ya Uhandisi ya Cambridge?

"Shikamoo Mwalimu. Naandaa maombi ya kusoma uhandisi Chuo Kikuu cha Cambridge. Katika barua yangu niliandika kwamba navutiwa na idara yenye historia ya miaka 800, iliyowatoa Newton, Parsons, Hawking, Whittle aliyevumbua injini ya jeti palepale, na waliotengeneza kompyuta ya EDSAC. Mwalimu wangu wa fizikia ameikata aya nzima kwa kalamu nyekundu na kuandika pembeni: 'Nani kakwambia?' Baba mdogo, ambaye ndiye anayenisomesha, anasema mwalimu ana wivu tu, chuo kile ni cha mwaka 1209 na dunia nzima inajua. Kila ninakosoma nakuta orodha ya wanasayansi maarufu, na hakuna orodha mbili zinazofanana. Nimwamini nani? Kama idara haina hao, ina nani? Na kusema kweli naogopa kwamba nachagua mahali kwa ajili ya majina ya watu waliokwisha kufa."

Marahaba mwanangu, na pole kwa hiyo kalamu nyekundu. Mwalimu wako hana wivu. Katika majina matano uliyoandika, matatu nayafuta bila kusita, na mawili yaliyobaki siwezi kuyapitisha mpaka yaelezwe upya. Baba mdogo naye hajakosea yote. Chuo ni cha 1209 kweli. Ila chuo ni kitu kimoja na idara ni kitu kingine, na hapo ndipo orodha zote ulizosoma zinapoteleza.

Cambridge ina koleji nyingi, yaani jumuiya ndogo zinazounda chuo, na kila koleji inapenda kujivunia watoto wake. Mtu akiwa wa Koleji ya Trinity au ya St John's, hilo halikuambii alisoma nini wala aliingia maabara gani. Waandishi wa orodha huchukua "alikuwa Cambridge", wakaona mtu mwenyewe alishika chombo chochote chenye gurudumu, wakamtia kwenye uhandisi. Ndivyo Newton alivyoingia. Newton alishika kiti cha uprofesa wa hisabati tangu 1669, na alifariki 1727, miaka 148 kabla idara unayoiomba haijaanzishwa. Hawking alikalia kiti hichohicho cha hisabati kuanzia 1979 hadi 2009. Kazi yake ilikuwa hisabati na fizikia ya nadharia. EDSAC, iliyoendesha programu yake ya kwanza Mei 1949, ilijengwa na Maurice Wilkes na wenzake katika Maabara ya Hisabati. Ilikuwa kazi ya kihandisi kwa kila kipimo, nakubali, lakini nyumba iliyoizaa ni nyingine.

Sasa idara yenyewe. Mwaka wa kushika ni 1875, alipoteuliwa James Stuart kuwa profesa wa kwanza wa mitambo na mekanika tumizi. Kabla yake mafunzo ya mashine yalikuwepo, ila yalikuwa kama mgeni anayelala sebuleni. William Farish, aliyekuwa profesa tangu mwishoni mwa karne ya 18, alifundisha namna viwanda vinavyofanya kazi kwa kuunganisha mifano ya mashine mbele ya wanafunzi, vipande vilevile vikifunguliwa leo na kufungwa kwa umbo jingine kesho. Ili wasaidizi wake wajue kila kipande kinakaa wapi, alihitaji michoro inayoonyesha pande tatu kwa kipimo kimoja, na mwaka 1822 akachapisha kanuni za uchoraji huo. Ukiwahi kuchora mchemraba kwa pembe za nyuzi 30, umetumia kazi ya mtu aliyekuwa anatatua tatizo la kupanga vifaa vya darasani. Baada yake Robert Willis alishika kiti cha mwisho cha Farish kuanzia 1837 mpaka kifo chake 1875, akachambua mienendo ya mashine kwa hisabati, na pembeni akawa bingwa wa kueleza jinsi makanisa makuu ya kale yalivyojengwa. Wote wawili walikuwa mapadre wa Kanisa la Anglikana. Hawakuwa na idara.

Utauliza: kwa nini chuo chenye umri wa zaidi ya karne sita kilichelewa hivyo? Kwa Uingereza ya wakati ule, uhandisi ulijifunzwa kwa kukaa chini ya fundi mkuu, ukilipa ada na kushika nyundo. Chuo kikuu kilikuwa cha hisabati, lugha za kale na kuandaa mapadre. Ufaransa walikuwa na shule ya wahandisi wa barabara na madaraja tangu 1747. Hata ndani ya Uingereza, Glasgow walianzisha kiti cha uprofesa wa uhandisi mwaka 1840. Kwa hiyo sentensi yako ya "miaka 800" haijakosa tu tarehe, imeigeuza hadithi kichwa chini. Idara hii ilizaliwa ndani ya chuo ambacho sehemu yake kubwa haikuitaka.

Stuart aliliona hilo mapema. Alianzia kwenye kibanda cha mbao, akaweka karakana humo, akataka wanafunzi wafue, wakereze na kuyeyusha metali kwa mikono yao. Wenzake wengi, hasa wanahisabati, waliona aibu: chuo chenye heshima kinageuzwa kiwanda? Mwaka 1884 Stuart akachaguliwa kuwa mbunge, ugomvi kuhusu karakana ukazidi, na baadaye akajiuzulu uprofesa. Akaoa binti wa ukoo wa Colman, wale wa haradali, akaishia kwenye uongozi wa kampuni yao. Mimi nampenda Stuart kuliko wote waliomfuata, kwa sababu alishindwa kwa jambo ambalo leo hakuna anayelibishia.

Aliyemfuata mwaka 1890, Alfred Ewing, alikuwa mjanja zaidi. Alikuwa amefundisha Tokyo kuanzia 1878 hadi 1883, na huko ndiko alikochunguza jinsi chuma kinavyochelewa kufuata sumaku inayokivuta. Yeye ndiye aliyelipa jambo hilo jina la histeresisi linalotumika mpaka leo. Alipofika Cambridge hakupigana na wanahisabati. Aliwapa walichokiheshimu, yaani mtihani. Mwaka 1892 Tripos (ndivyo Cambridge wanavyouita mtihani wa shahada) ya sayansi za mitambo iliidhinishwa, na 1894 maabara mpya ikafunguliwa. Ukisikia leo kwamba kozi ya pale ina hisabati nyingi kuliko unavyotarajia, chanzo ni maridhiano hayo. Uhandisi uliruhusiwa kuingia mlangoni kwa sharti la kuvaa kanzu ya hisabati, na haijavuliwa.

Nirudi kwenye majina yako mawili yaliyobaki. Nina kipimo kimoja ninachokitumia, nawe ukitumie: iondoe idara kwenye hadithi, kisha uone kama kitu kile kingezaliwa hata hivyo.

Charles Parsons alisoma hisabati St John's, akamaliza 1877. Alikwenda kiwandani kaskazini mwa Uingereza, na mwaka 1884 akatengeneza huko Gateshead turbini yake, mashine inayozungushwa na mvuke. Iondoe idara: turbini ipo palepale. Uhusiano wa kweli ulikuja baadaye na kwa njia nyingine. Wahandisi wengi hawakuamini kwamba mashine ile haili mvuke kupita kiasi, na Ewing ndiye aliyeipima na kuthibitisha kwa takwimu kuwa inafaa. Idara haikumzaa Parsons; ilimpa shahidi asiyekuwa na hisa kwenye kampuni. Hiyo nayo ni heshima, ila si ile uliyoiandika.

Frank Whittle ndiye anayekosewa zaidi, kwa hiyo nifuatishe tarehe polepole. Aliomba hataza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi, ya injini ya jeti Januari 1930, akiwa ofisa kijana wa jeshi la anga. Cambridge aliingia 1934, ametumwa na jeshi hilohilo. Januari 1935 hataza yake ilikufa kwa sababu ilihitaji kulipiwa pauni 5, wizara ikakataa kulipa, na yeye mwenyewe alikuwa na familia na hana kitu. Mwaka 1936, akiwa bado mwanafunzi, wakaanzisha na wenzake kampuni ya Power Jets. Mwaka huohuo akafanya mtihani wa Tripos na kupata daraja la kwanza, kozi ya miaka mitatu akiwa ameibana kwenye miwili. Injini yake ikawaka mara ya kwanza tarehe 12 Aprili 1937, katika mji wa Rugby, si Cambridge. Ndege yenye injini yake ikaruka Mei 1941, na Ujerumani walikuwa wametangulia kurusha ya kwao Agosti 1939, kazi ya Hans von Ohain.

Basi "aliyevumbua injini ya jeti palepale" ni kosa. Lakini usimfute Whittle. Wazo alikuja nalo. Alichokipata pale ni uwezo wa kulipigia hesabu wazo hilo, pamoja na profesa wa uhandisi wa ndege, Melvill Jones, aliyemtia moyo na kumsaidia abaki mwaka mwingine ili aendelee na injini badala ya kurudishwa kwenye kazi za kawaida za jeshi. Yupo pia William Hawthorne, aliyesaidia kutatua tatizo la kuchoma mafuta ndani ya injini ya Whittle wakati wa vita, kisha akawa profesa pale mwaka 1951 na baadaye mkuu wa idara. Kwa kipimo changu, Whittle ni nusu wa idara, na Hawthorne ni wake mzima, ingawa jina la Hawthorne hulioni kwenye orodha.

Ukishaondoa waliopita njia, wanaobaki wengi hutawajua, na hapo ndipo mambo yanaponoga.

Bertram Hopkinson alikuwa amesomea sheria. Baba yake, mhandisi mashuhuri, alikufa mlimani Alps mwaka 1898 pamoja na watoto wake watatu, na Bertram akaacha sheria kuendeleza kazi ya baba. Alipewa uprofesa 1903, akiwa na miaka 29. Mwaka 1914 alieleza njia ya kupima mlipuko au pigo la risasi, jambo linalokwisha kabla chombo chochote cha wakati ule hakijatikisika. Alichukua ufito mrefu wa chuma, akashikiza kipande kifupi kwenye ncha moja, akapiga ncha ya pili. Wimbi la mkazo linasafiri ndani ya ufito, linafika mwisho, na kile kipande kifupi kinaruka kikiwa kimebeba sehemu ya nguvu ya pigo. Badilisha urefu wa kipande, upime mwendo wake kila mara, na utajua pigo lilikuwa na nguvu kiasi gani na lilidumu muda gani. Hakuna kamera wala kipimo cha umeme. Vizazi vya ufito ule vinatumika hadi leo kujaribu chuma cha magari na vifaa vya kujikinga. Hopkinson alikufa Agosti 1918 katika ajali ya ndege aliyokuwa akiirusha mwenyewe.

Charles Inglis, aliyeongoza tangu 1919 hadi 1943, unaweza kumwelewa kwa mfuko wa plastiki. Uvute kwa mikono miwili, utakushinda. Ukate kidogo ukingoni kwa wembe, uvute tena: unachanika kama karatasi. Mwaka 1913 Inglis alionyesha kwa hesabu kwa nini. Bamba lenye tundu la mviringo kamili, mkazo kwenye ukingo wa tundu ni mara tatu ya ule wa mbali. Libane tundu lile liwe refu na jembamba, na mkazo kwenye ncha unapanda kwa kadiri ncha inavyozidi kuwa kali. Ufa ni tundu jembamba kupita yote. Fundi anayetoboa tundu dogo mwishoni mwa ufa ili usiendelee anaifanya ncha ile iwe butu, hata kama hajawahi kusikia jina la Inglis.

Halafu John Baker. Hapa nataka uchukue waya laini wa chuma, ule wa kufungia nondo, kabla ya kuendelea kusoma. Ukunje kidogo sana, uachie: unarudi. Ukunje zaidi: haurudi, lakini haujavunjika pia. Bado umeshika, na ili kuukunja zaidi lazima uendelee kusukuma. Kwa miaka mingi wajenzi walihesabia boriti kana kwamba pale waya unapoacha kurudi ndipo mwisho wa kila kitu. Baker, akifanya kazi kwenye utafiti wa majengo ya chuma ulioanza 1929, alipima majengo halisi na kukuta mikazo haifanani kabisa na hesabu za wasanifu. Viungo havikazi kama kwenye mchoro, msingi unazama kidogo upande mmoja, boriti imelazimishwa kuingia mahali pake. Kama hujui mkazo wa kweli, hesabu yako ya uangalifu inalinda nini?

Akageuza swali. Badala ya kuuliza ni wapi chuma kitaacha kurudi kwanza, akauliza ni mzigo gani utaliangusha jengo. Boriti iliyokazwa pande zote mbili haianguki sehemu moja ikikunjika. Pale panakuwa kama bawaba ngumu, na mzigo unahamia kwingine. Inahitaji bawaba tatu, mbili miishoni na moja katikati, ndipo ianguke. Ukihesabu kwa bawaba, makosa yale madogo ya ujenzi hayana uzito tena, na chuma kinachohitajika kinapungua. Mwaka 1943 Baker alikuja Cambridge akaongoza idara kwa miaka 25, na kundi lake likaifanya fikra hiyo kuwa mbinu ya kazi ambayo wasanifu waliweza kuitumia.

Ila angalia mtego. Utasoma kwamba Cambridge ilibuni kizimba cha Morrison, ile meza ya chuma ambayo familia za Kiingereza zililala chini yake wakati wa mabomu. Zaidi ya 500,000 zilitolewa. Kilibuniwa na Baker kweli, kwa fikra hiyohiyo: nyumba ikiporomoka, kizimba kikubali kukunjika na kula nguvu ya kishindo badala ya kujaribu kukipinga. Lakini hiyo ilikuwa 1941, Baker akiwa profesa wa Bristol aliyeazimwa na wizara. Ukitaka kumfurahisha mtu anayejua, mtaje Baker na bawaba zake. Kizimba waachie Bristol.

Sasa nikupe mfano ambao kipimo changu kinaupitisha bila shaka yoyote. Mwaka 1948 Charles Oatley, mhadhiri wa elektroniki aliyetoka kwenye kazi za rada, alimpa mwanafunzi wake Dennis McMullan kazi ya kujenga hadubini ya elektroni inayopekua. Wazo halikuwa jipya. Mjerumani Manfred von Ardenne alilijaribu mwaka 1938, na kampuni ya Marekani, RCA, ilitengeneza moja mwaka 1942 na kuiacha. Wajuzi wakasema njia imefungwa. Oatley alifikiri tofauti: vifaa vya kunasa elektroni vilikuwa vimeboreka tangu hapo, na hata kama hadubini isingefanikiwa, mwanafunzi angejifunza mengi kwa kuijenga. Nimesimamia wanafunzi wa utafiti kwa miaka, na nakwambia sababu hiyo ya pili ndiyo adimu.

Inavyofanya kazi si vigumu kuielewa. Ingia chumba chenye giza na tochi ya mwanga mwembamba kama sindano, upitishe ukutani mstari kwa mstari, na kila nukta uandike mwanga kiasi gani umerudi. Ukimaliza una picha ya ukuta. Hadubini hiyo hufanya hivyo kwa mshale wa elektroni. Kila nukta inapopigwa hutoa elektroni nyingine dhaifu, chombo kinazihesabu, na skrini inawaka kwa kadiri ya hesabu hiyo. Ugumu ulikuwa kwenye kuhesabu, kwa sababu zinazotoka ni chache na kelele za umeme ni nyingi. Mwanafunzi mmoja akampokeza mwingine kwa zaidi ya miaka kumi. McMullan alipata picha za mwanzo. Ken Smith akaboresha, na mashine aliyoijenga ikapelekwa 1958 kwa taasisi ya utafiti wa karatasi nchini Kanada, waliotaka kuona nyuzi za karatasi kwa karibu. Mwaka 1960 Everhart na Thornley wakachapisha chombo cha kunasa elektroni ambacho muundo wake bado umo ndani ya hadubini nyingi za leo. Na mwaka 1965 kampuni ya vifaa ya Cambridge ikaanza kuiuza kwa jina la Stereoscan. Picha nyingi ulizowahi kuona za jicho la nzi likiwa na vijumba vyake vyote, au chembe ya chavua yenye miiba, zimetoka kwenye ukoo huo. Iondoe idara: huenda mtu mwingine angeifikia, mahali pengine, miaka kadhaa baadaye. Hilo ndilo jambo la kuandika kwenye barua.

Wapo wengine nitawapita haraka. Kenneth Roscoe, aliyekaa kifungoni kama mateka wa vita, alirudi akajenga kundi la kuchunguza udongo. Mwaka 1958 yeye, Andrew Schofield na Peter Wroth walieleza kwamba udongo ukisukumwa bila kukoma, uwe ulianza ukiwa umeshindiliwa au tifutifu, mwishowe unafika hali ileile. Ukikanyaga mchanga mbichi ufukweni, ukaona unakauka ghafla kuzunguka mguu wako, ni chembe zilizobanana zinazolazimika kuachana ili zipishane, na maji yanazama kujaza nafasi. Mfano wao wa hesabu wakauita Cam-clay, kutokana na mto Cam unaopita mjini. Schofield baadaye alikuwa anazungusha vipande vya udongo kwenye mkono mkubwa unaozunguka kwa kasi, mpaka uzito wao uwe mara mia: bwawa la urefu wa mita 1 linajiona kama la mita 100.

Na Ann Dowling, ili usidhani wote ni wazee wa kanzu. Alisomea hisabati, akaingilia uhandisi kupitia kelele za ndege na jinsi ya kuzipunguza, akawa mwanamke wa kwanza kuwa profesa katika idara ile mwaka 1993, mkuu wa idara kuanzia 2009 hadi 2014, na mwanamke wa kwanza kuongoza Akademia ya Kifalme ya Uhandisi. Kumbuka kwamba Cambridge haikuwapa wanawake shahada kamili mpaka 1948. Historia ya miaka 800 ina kurasa za namna hiyo pia.

Nije kwenye hofu yako, ambayo naona ndiyo swali lenyewe. Je, unachagua kwa ajili ya marehemu? Historia haitakufundisha chochote darasani, na mhadhiri utakayempata huenda hajawahi kuwaza kuhusu Stuart. Lakini kuna jambo moja ambalo historia imeliacha na litakugusa kila siku: idara ile haikugawanywa. Vyuo vingi vina idara ya ujenzi, ya umeme na ya mitambo, kila moja na mlango wake. Pale wote wako chini ya paa moja, na miaka miwili ya kwanza utasoma yote, udongo, umeme, mvuke na boriti, kabla ya kuchagua. Kwa anayejua kwa hakika kwamba anataka madaraja tu, hiyo ni miaka miwili ya kusoma vitu asivyovitaka, na pengine chuo kingine kitamfaa zaidi. Kwa anayetaka kushika vifaa tangu wiki ya kwanza na hisabati ije baadaye, vilevile. Kwa asiyejua bado, au anayependa mipaka ya fani, sioni mahali pazuri zaidi. Mimi nisingekupeleka pale kwa jina, wala nisingekuzuia kwa kuogopa jina.

Kuhusu barua, ifute aya ya majina yote. Chukua kitu kimoja, kwa mfano mfuko wa plastiki wa Inglis au waya wa Baker, ukijaribu wewe mwenyewe, kisha uandike ulichokiona na kilichokushangaza. Usinakili maelezo yangu. Usaili wa pale ni wa kutatua matatizo kwa sauti, na ukiandika kitu, tegemea kuulizwa zaidi ya ulichoandika. Ukimtaja Whittle utaulizwa turbini yake inapata wapi nguvu ya kuzungusha kikandamizi cha hewa. Hutaulizwa alizaliwa lini.

Kuna mambo ambayo jibu la maandishi haliwezi. Kama hujui uhandisi au fizikia ipi inakufaa, kaa ana kwa ana na yule mwalimu wa kalamu nyekundu, mtu anayejisumbua kuandika "nani kakwambia?" ana muda wa kuzungumza nawe. Masharti ya maombi, ada na ufadhili hubadilika, kwa hiyo uliza ofisi ya udahili ya koleji moja kwa moja, wala usimlipe mtu anayedai ana njia ya mkato. Na kabla baba mdogo hajalipa chochote, mketi wawili, mfungue hesabu za miaka yote minne, kwa sababu kozi ni ya miaka minne na gharama za kuishi huwa hazimo kwenye ada.

Yeye mwambie ni 1875. Akibisha, usimwonyeshe makala hii. Mpe ule waya aukunje, halafu umwambie taratibu kwamba Glasgow waliwatangulia kwa miaka 35.